Kitenge Mbele ya Runinga

Jumamosi asubuhi, ukisikia runinga inaongea ndani ya kibandaumiza, kile kibanda cha kuonyeshea filamu, kilichofungwa pale mtaa wa mbao, Mafinga, ujue Mama Frida yuko kazini. Kibanda ni chake: kuta za mabanzi, mabenchi ya msonobari yaliyochongwa na jirani yake, fundi Crispin. Jina lake ni Esnath, lakini tangu amzae Frida, miaka kumi na minne iliyopita, analikumbuka mchungaji peke yake.

Kazi yenyewe ni kuonja filamu. Watoto hawaonyeshwi kitu Jumapili baada ya ibada kabla yeye hajakitazama mpaka mwisho, kitenge mapajani. Siku ya maonyesho, wahusika wakianza kusogezeana nyuso, Mama Frida huinuka akatandaza kitenge mbele ya runinga mpaka wamalizane. Watoto humzomea, wala hajali. Kipimo chake, basi, ni chepesi. Filamu ya kumwinua mara moja au mbili inapita. Ya mara tatu, ubao wa mlangoni unaandikwa WAKUBWA TU, na mjadala umekwisha. Wazazi wa mtaa ule walimwamini kuliko walivyojiamini wenyewe.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda kumsoma, naye alilala chumba cha pili. Miezi miwili nyuma, Esnath alimwona Frida akirudi kutoka mazoezi ya kwaya na kijana mmoja, Rabson, wakicheka. Alimfokea palepale, kwaya nzima ikisikia. Tangu siku hiyo Frida akaitikia "ndiyo mama" na "hapana mama", basi. Yule mtoto aliyekuwa akimsimulia hadi ndoto zake! Esnath aliumia, na hakujua aanzie wapi.

Jumamosi hiyo flashi ilikuwa na filamu ya Kikorea: mwanafunzi wa kike, mwanafunzi wa kiume, mapenzi ya kwanza, theluji nyingi. Kama kawaida ya filamu hizi, mtafsiri wa mjini alikuwa ameingiza sauti yake juu, akambatiza msichana jina la Maua. Na mdomo wake, Mungu amsamehe! Maua akimpa kijana daftari, mtafsiri anatia maneno ya baa. Wakigawana mwavuli, anatia mabaya zaidi. Dakika ya ishirini Esnath alitoka kwa hasira, akaandika WAKUBWA TU kwa chaki iliyokaribia kuvunjika.

"Kamwene, Mama Frida," Crispin alimsalimu. "Vipi, kesho watoto hawamo?"

"Kamwene. Uchafu mtupu, fundi. Ngoja nikazime sauti, mtaa mzima unasikia."

Akazima sauti, lakini picha akaiacha iendelee. Akasimama na rimoti mkononi. Maua alikuwa anatembea na yule kijana, wameachana hatua mbili, kila mmoja anatazama viatu vyake. Esnath akakaa. Akarudisha mwanzo, akaitazama yote bila sauti, na kitenge kilimwinua mara moja tu, tena kwa busu la shavuni, maana kwa sheria zake shavu nalo limo. Wale wanafunzi hawakuwa na kosa. Mchafu alikuwa mtafsiri. Akatoka akafuta ubao.

Jumapili mabenchi yalijaa. Frida alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. "Leo natafsiri mimi," Esnath alitangaza, na watoto wakapiga makofi.

Alitafsiri kwa lafudhi yake ya Kihehe, Maua akawa anakwenda kuchota maji na kuamkia wakubwa njiani. Watoto walicheka mpaka machozi. Kisha Maua akafika nyumbani, kalowa, na mama yake kasimama mlango wa jikoni. Midomo ya mama ikaanza kucheza. Jana yake Esnath alikuwa ameandaa maneno ya hapo, lakini yakamtoka mengine.

"Mwanangu," alisema, sauti imemshuka, "siku ile nilikufokea mbele za watu kwa sababu niliogopa. Nilikosea. Yule kijana sina ugomvi naye. Kinachoniuma ni kwamba siku hizi hunisimulii kitu."

Kwenye runinga Maua akafungua mdomo kujibu.

"Ningekusimulia vipi, mama," sauti ikatoka benchi la nyuma, "na wewe unatandaza kitenge kabla hata sijaanza?"

Watoto wakashangilia, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Esnath hakugeuka, alikuwa anajifuta macho. Alisikia viatu vikija kati ya mabenchi, kisha Frida akajibana pembeni yake.

"Endelea, mama. Maua nitamsemea mimi."

Wakaendelea hivyo, mama na mama, binti na binti, na maskini Maua hakuwahi kuwa na maneno mengi kama siku ile. Filamu ilipofika kwenye lile busu, watoto wote waligeuka kumtazama Mama Frida, tayari kuzomea. Hakuinuka. Baridi ya Mafinga ilikuwa imeshaingia kwenye mabanzi, na kitenge kilikuwa kimewafunika magoti wote wawili.