Baiskeli Isiyo na Keria

"Keria ya nini, Mayu? Inaongeza uzito tu," nilimjibu mama pale dukani Bariadi. "Atakayekanyaga kila siku kutoka Dutwa ni mimi, siyo gunia."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Pamba iliyonunua ile baiskeli aliilima yeye, na mwenye kidonda mguuni ni yeye. Nyumbani tulikubaliana baiskeli itanipeleka kazini hapo Bariadi, kwa mnunuzi binafsi wa pamba nilikokuwa nachapa barua, na kila Jumanne nimpakie na mama, nimshushe hospitali akasafishwe kidonda, jioni nirudi naye.

Lakini nilikuwa nimemaliza fomu foo, najiona najua. Zamani ulikuwa unachukua baiskeli uliyoletewa na ushirika, nyeusi, nzito, na unashukuru. Sasa maduka yalijaa, unachagua. Nikachagua nyekundu, ya gia, tairi nyembamba, madigadi yamebana tairi vizuri. Niliijaribu kwenye saruji ya baraza la duka, ikaenda kama inajiendesha. Ilikuwa kiangazi. Udongo wetu wa mbuga, ule mweusi unaonata, hata sikuuwaza.

"Mama si atakaa hapa mbele kwenye bomba," mwenye duka alisema.

"Kama mchumba?" mama akauliza. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Jumanne ya kwanza ya mvua alikaa hapo hapo kwenye bomba, kajikunja. Jirani akapaza sauti kutoka shambani kwake: "Huyo mbuzi mnampeleka mnada gani?"

"Njoo ushike kamba, uache maneno," mama akamjibu.

Hatukufika mbali. Udongo ulijaa kwenye madigadi, gurudumu likagoma. Nikachokonoa kwa kijiti, tukasogea kidogo, likagoma tena. Nikaanza kuangalia saa.

Mama akashuka mwenyewe. "Nenda, utachelewa. Mimi narudi."

Nikaenda. Nilibeba baiskeli begani mpaka penye changarawe, nikapanda, na kusema kweli nilifurahi kuwa mwepesi. Sikugeuka nyuma.

Jioni nilimkuta amefunga kidonda kwa kipande kile kile cha khanga alichotoka nacho asubuhi. Nikamwambia nimepita hospitali, nesi kasema hata wiki ijayo sawa. Sikupita popote. Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha tena, nikamwambia vile vile.

"Huyo nesi ana roho nzuri," mama alisema.

Wiki ya tatu, Jumatatu jioni, alifungua kile kitambaa nikasikia harufu tangu mlangoni. Uvimbe ulikuwa umepita kifundo cha mguu. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Nesi akiona hivi atasema nini, mwanangu?"

Nikasema naenda kuchota maji. Ndoo ilikuwa imejaa, na aliiona imejaa.

Nilisimama huko nje mpaka nikaamua. Asubuhi, kabla ya uji, nimwambie mama kwamba nesi hakusema chochote. Kisha nifungue madigadi yote mawili niyaache nyumbani, nimkalishe mama juu ya siti, nikokote baiskeli kwa mguu mpaka hospitali, na nikae naye mpaka aitwe. Kazini nitafika saa nitakayofika, na nikiulizwa nitasema ukweli.