Beki Aliyeinua Mukono

Nakumbuka siku moja, kule Kipushi, niliinua mukono. Hivyo tu. Nilikuwa beki wa kati, myaka kumi na minane, kichwa imevimba kwa sifa. Mushambuliaji wao akapita nyuma yangu. Miye nikaona ni hors-jeu, ameotea, nikainua mukono, nikasimama kungojea arbitre apige filimbi. Filimbi haikulia. Ilunga, kipa wetu, akatoka peke yake, bakagongana, na siye bote tukasikia mguu yake inavunjika.

Unanisikia, Mwanangu? Weka ile telefone chini kwanza. Niko na hasira, na leo sitaificha.

Wakati ule directeur wa vijana alikuwa Muitaliano muzee, tulimuita Mista. Kwao alicheza beki myaka mingi, mpaka magoti ikakataa. Alafu akakuja hapa Lubumbashi kufundisha batoto ba bantu. Kiswahili alijifunza ku soko, pamoja na matusi yake yote. Ile siku nilimukimbilia: "Mista, ilikuwa hors-jeu! Bote baliona!"

Akaniangalia. "Mukono yako iliona. Na miguu yako?"

Alafu akanipa gants za Ilunga, zile alikuwa anavaa mikononi, zingali na vumbi. "Peleka kwa mama yake. Leo."

Mama alikuwa anakaa Naviundu. Nilimukuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamupa gants, nikaeleza kila kitu: mustari, hors-jeu, arbitre mwizi. Yeye ile maneno hakuijua. Akaacha kutwanga, akaniuliza: "Na weye, mwanangu, ulikuwa wapi?" Nikaanza kueleza tena. Akauliza tena, sauti ile ile: "Weye ulikuwa wapi?" Ee Mungu wangu! Nilikuwa hatua tatu. Hatua tatu tu, nimesimama na mukono juu kama muntu anasimamisha taksi!

Bazee banasema asiyesikia la mukuu huvunjika guu. Si kila siku. Miye ndiye sikusikia mafundisho ya Mista, na mguu iliyovunjika ilikuwa ya Ilunga. Hakucheza tena. Miye nilicheza mpaka nikachoka, na leo niko directeur, nimekaa mu kiti ya Mista. Ilunga anachechemea mpaka sasa. Tukikutana ananisalimia muzuri, na ile salamu inaniuma kuliko tusi.

Sasa weye! Jana umeinua mukono. Trésor, kipa wako, ametoka peke yake, na leo eko ku hospitali, bega imevunjika. Na weye, badala ya kwenda kumuona, tangu asubuhi unatuma video ku WhatsApp ya ekipe, umechora mustari mwekundu kuonyesha ilikuwa hors-jeu! Haya yako iko wapi? Ndiyo, ilikuwa hors-jeu. Nimeangalia, ilikuwa kabisa. Na alafu? Mustari yako itaunga bega ya muntu?

Sikia, sitarudia. Ukiona unadhulumiwa, kimbia kwanza, lalamika nyuma. Haki yako unaweza kuidai hata kesho, lakini mwenzako nyuma yako eko peke yake sasa hivi. Na hii si maneno ya balo, ya mupira, tu. Nimeona bantu ku kazi, nimeona ku ndoa: muntu anasimama, anasema "miye niko na haki", na nyumba inaanguka nyuma yake. Ni kweli, haki iko naye. Nyumba haiko tena. Majuto ni mujukuu, Mwanangu, na wangu ninamulea mpaka leo.

Gants za Trésor ziko hapa ku meza yangu. Beba. Mama yake anakaa Luano, nyumba unaijua. Atakuuliza ile neno, mama bote banaiuliza. Usimutajie mustari, usimutajie arbitre. Mwambie ulikuwa wapi.

Enda sasa. Mungu aponye bega ya Trésor muzuri kuliko alivyoponya mguu ya Ilunga. Na weye, Mwanangu, akupe miguu ya kufika.