Tadea Alipokosa Neno

Kila asubuhi ukungu wa Litembo ulishuka mpaka kwenye mibuni, na Anjela alisimama mlangoni akiutazama, mwiko mkononi, hadi uji ukashika chini ya sufuria. Alikuwa mzaliwa wa Lituhi, ziwani, aliyeolewa huku milimani na Modest, mchuuzi wa dagaa asiyekaa nyumbani. Tangu mama yake mzazi afariki, Anjela aliishi kama mtu aliyezama. Sauti za watu zilimfikia kwa mbali, na midomo yao aliiona ikicheza tu. Alimlisha bintiye Tadea, akamwogesha, akambeba mgongoni, lakini maneno hayakumtoka. Siku nzima ingeweza kupita mle ndani bila kusemwa neno zaidi ya "shika" na "acha".

Tadea alikuwa na miaka miwili na nusu. Akitaka maji, alivuta kanga ya mama yake. Asipoeleweka, alijitupa chini, akajigonga kichwa sakafuni na kung'ata chochote kilichokuwa karibu. Modest naye, akirudi safari na kukuta kilio, alifoka, akaubamiza mlango na kwenda kukaa nje. Haikuchukua muda Tadea akawa anaubamiza mlango uleule, kwa mikono miwili, uso umekunjamana kama wa baba yake.

"Ni ukaidi huo, Mama Tadea," alisema mama mkwe wake, Mama Walburga. "Fimbo moja tu, ya kueleweka."

Walimchapa. Akazidi.

Ikafika zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwao. Watu walikuwa katikati ya rozari Tadea alipomkuta mtoto wa jirani amekalia mkeka wake mdogo. Alisimama mbele yake, akafungua mdomo, akakaa hivyo, shingo imekaza, kama anayetafuta kitu kilichopotea kooni. Hakikutoka. Akainama, akamng'ata mwenzake shavuni mpaka damu.

Sala ilikatika. Watu walimtazama Anjela, lakini yeye bado alikuwa akiuona ule mdomo uliofunguka mtupu. Mwanangu alikuwa anatafuta neno, aliwaza. Hana.

Kesho yake alimpeleka kliniki. Muuguzi aliyewapokea, mama wa makamo aitwaye Gaudiosa, alimpima Tadea masikio, akayakuta mazima.

"Nyumbani nani anaongea naye?" aliuliza.

Anjela alimvuta Tadea karibu.

"Mtoto wa umri huu ana hasira kubwa na maneno machache, mdogo wangu. Anachokosa kukisema, anakifanya. Na namna ya kukasirika anaiga kwa wakubwa." Kisha akamtazama vizuri. "Na wewe, unaongea na nani?"

Hapo Anjela alilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Tadea akamshika sikio, akashangaa.

Baada ya hapo Anjela alimchukua mwanawe, akaenda Lituhi kupumzika kwa dada yake Otilia. Asubuhi maji yalikuwa yametulia, rangi moja na mbingu, na mitumbwi ilionekana kama inaelea hewani. Anjela aliketi majini na mwanawe mapajani. Mwanzoni sauti ilitoka kwa kukwaruza, kama si yake. "Maji," alisema. "Maji ya baridi. Yule ni ndege. Hapa bibi yako alikuwa ananiogesha." Akaendelea, akamweleza mtoto habari zote za marehemu, hata zile asizoweza kuzielewa. Tadea alimtazama midomo bila kupepesa. Wimbi dogo likaja likamrushia maji usoni. Akakunja uso, akavuta pumzi ya kupiga kelele, kisha akasema, "Baridi!"

Aliporudi Litembo, Anjela alimweka Modest chini.

"Baba Tadea, mtoto anatusoma. Ukibamiza mlango, anajifunza kubamiza."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Letu. Mimi nilinyamaza, wewe ukafoka. Yeye angejifunzia wapi kusema?"

 Jioni ile Modest alikwenda kukaa nje kama kawaida yake, ila safari hii alimchukua binti yake, na Anjela akamsikia akimtajia majina ya samaki, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kuona haya.

Haikuwa rahisi. Modest alifoka tena, si mara moja, na Tadea akiwa na usingizi bado alijitupa chini. Lakini fimbo iliwekwa kando, na meno yakaanza kupumzika. Aliyewashangaza zaidi ni Mama Walburga. Wakati wa kupanda maharage alianza kwenda na mjukuu wake shambani, akimfundisha Kimatengo: jembe, udongo, mdudu. Jioni Tadea alirudi na maneno yake mapya, na Anjela, aliyeishi miaka kadhaa milimani bila kuijua vizuri lugha ya wenyeji wake, akayarudia nyuma yake taratibu, akikosea, huku mtoto akimcheka.