Mstari Uliopita Upande Huu wa Kaburi la Mama

Wiki iliyopita, hapa Koboko, binti yangu alinisogezea daftari nikiwa nachambua kunde. Alitaka nimsaidie kutafuta mlinganyo wa mstari mnyoofu. Nilipoziona zile nukta mbili nikamwambia kichwa kinauma, na kweli kilianza kuuma. Rafiki yangu, wengine hesabu iliwanyima alama tu. Mimi iliniondolea mama.

Tulikaa Aroi, nje ya mji wa Arua, mimi na bibi. Mama alikufa nikiwa mdogo, akazikwa shambani, karibu na kichuguu kikubwa. Msimu wa kumbikumbi ukifika, bibi alifunika kichuguu upande wetu, jirani akafunika upande wake, nasi watoto tukagonga vijiti ili wadudu wadhani ni mvua na watoke. Bibi aliwakaanga kwa chumvi, harufu ikajaa uani, kisha akaweka kidogo juu ya kaburi. "Yeye pia kula," alisema. Akigeuka, nilimsaidia mama kumaliza.

Mzee jirani alipofariki, mwanawe akaanza kulima kuja kwetu. Mpaka ulikuwa wa mimea iliyopandwa na wazee wa zamani, lakini mingi iling'olewa miaka ile ya vita, watu walipokimbilia Kongo. Ilibaki miwili tu, mmoja kila mwisho wa shamba. Kuvuta kamba kati yake kulishindikana kwa sababu ya vichaka. Basi bibi mwenyewe, aliyeiamini shule kuliko sisi tuliosoma, akasema aitwe mwalimu wangu wa hesabu.

Wazee wa kijiji walitaka tule pamoja kwanza, ili matokeo yoyote yasije yakakataliwa. Bibi akachinja jogoo wake, tukala na jirani sahani moja. Nyama ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Mwalimu alipimia kwenye njia ya miguu iliyopita kando ya shamba letu. Mmea wa kwanza ulikuwa mwanzoni kabisa, hatua ishirini kutoka njiani. Ukifuata njia hatua mia, wa pili ulikuwa hatua sabini kutoka njiani. Kwa hiyo mstari ulipanda hamsini kwa mia, yaani mteremko wa nusu. Akaandika mchangani kwa kijiti: y ni nusu ya x, ongeza ishirini. Tulikuwa tumefundishwa wiki ile ile, nami nikalitaja jibu kabla yake, shingo juu.

Kisha akatembea mpaka usawa wa kaburi, hatua sitini. Nusu yake thelathini, ongeza ishirini, hamsini. Mpaka ulikuwa hatua hamsini kutoka njiani. Mama alikuwa hatua hamsini na nane.

"Mwalimu, pima tena," bibi alisema. "Mutoto yangu iko ile upande."

"Mstari iko hapa, mama. Nimepima mara mbili."

Jirani alitazama chini. "Mimi hapana taka kaburi," akasema. "Lakini hesabu imesema."

Nilipiga magoti mchangani nikaanza upya. Nilianzia mmea wa pili badala ya wa kwanza, jibu likawa lile lile. Niligeuza kila kitu kinachogeuzika. Nilimwomba Mungu nusu iwe kubwa kidogo kuliko nusu, mara moja tu, kwa ajili yetu. Sijawahi kuomba namna ile tena.

Msimu uliofuata jembe la jirani liligonga shina kavu nyuma ya kaburi, kando ya kichuguu. Lilikuwa shina la mmea wa mpaka. Wazee wa zamani hawakuunyoosha mpaka wao, waliupinda kuzunguka kichuguu ili kila nyumba ipate upande wake wa kumbikumbi. Tulikuwa tumekifunika upande wetu miaka yote, na siku ile ya kupima hakuna aliyelifikiria hilo. Bibi alilikumbatia lile shina na udongo wake, akakimbia nalo kwa wazee, nami nyuma yake nikilia. Walilipokezana mkono kwa mkono, wakalirudisha.

"Tumesha kula, mama," mkubwa wao akasema.

Toka siku hiyo bibi alikuwa akiniita jioni na kunipa kijiti. "Fanya tena." Nikafanya. Aliangalia mkono wangu, si tarakimu, kwa sababu hakujua kuzisoma. Aliendelea kuniita hivyo mpaka alipofariki.

Mwaka jana nilikwenda kumtafuta mama. Kichuguu kimechimbwa kikafyatuliwa matofali. Mimea yote miwili imeng'olewa, na ile njia ya miguu imemezwa na barabara pana ya magari, watu wamejenga pande zote. Nilisimama kwenye vumbi na sitini yangu na hamsini na nane yangu, na sikujua nianzie wapi kuhesabu.