Nywele za Binti wa Msusi

Mtaani walimwita Mkono Mwepesi, naye hakukataa. Kichwa cha mteja kikishaingia katikati ya magoti yake hakijui kama kimeshikwa. Mistari inanyooka na utosi hauwaki moto. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka kona, viti vya plastiki na kigoda chake, na humo ndani maneno hayakuisha. Wateja walikuja na ndoa zao, mabosi wao na mawifi zao, wakaondoka wamepumua.

Isipokuwa watoto. Mtoto hatulii kusukwa, kila msusi analijua hilo, na Mkono Mwepesi alishapata dawa yake: simu. Unamkabidhi, anainamisha shingo mwenyewe, unasuka mpaka unamaliza bila kusikia hata "aah." Dawa hiyo aliijaribu kwanza kwa binti yake wa pekee, tangu hajaanza shule. Binti alikuwa na mdomo, hata wakambandika jina la Chiriku. Alipofika darasa la tatu, Chiriku lilibaki jina tu. Akirudi nyumbani begi linatupwa kule, simu inanyakuliwa, na hapo humpati tena mpaka usingizi umwangushe. Mama alishukuru kimoyomoyo: mtoto katulia, kazi inakwenda. Tusimcheke. Nani kati yetu hajawahi kununua utulivu kwa bei hiyo?

Mwaka huo walihama, Chiriku akaanza shule mpya. Ndipo nywele zikaanza visa. Mama anamsuka vizuri Jumapili, katikati ya wiki mtoto anarudi kichwa nusu kimefumuka, kama jogoo aliyetoka kupigana. Akiulizwa, anabana midomo. Mama akaamua kwamba kuna watoto wanaomvuta, na likamuuma mara mbili: mwanawe anaonewa, na kazi ya mikono yake inatembezwa barabarani ikiwa hovyo namna ile. Asubuhi moja akafunga saluni, akaenda shuleni amefura.

"Mwalimu, nataka nimjue huyo anayemvuta mwanangu nywele."

Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima, alimpa kiti kwanza.

"Mama, hakuna anayemgusa. Hilo ndilo tatizo. Mapumziko wenzake wanaruka kamba, yeye anakaa ukutani peke yake. Mwanzoni vidole vilikuwa vinapapasa tu gotini, kama vinatafuta simu. Siku hizi anafumua nywele. Anazifumua mwenyewe, msuko mmoja mmoja."

Njiani kurudi hasira yote ilimwisha, ikabaki huruma.

Jumapili ilipofika, aliifungia simu kabatini, akamwita binti yake kusukwa. Chiriku alilia, akapiga miguu, akachomoa kichwa. Mama akangoja. Kilio kilipokwisha, mama akagundua jambo lililomtia aibu kuliko lile la shuleni: yeye, asiyeishiwa maneno kwa mteja yeyote, hakuwa na la kumwambia mwanawe. Akafanya lile alilolijua.

"Haya, karibu, dada," akasema kwa sauti yake ya kazini. "Naona leo umechoka. Kazini kwema?"

Kisauti kikatoka chini ya mikono yake. "Kazini si kwema sana."

"Jamani! Bosi mkali?"

"Bosi mzuri. Wafanyakazi wenzangu ndio hawanipi zamu ya kamba. Nikiomba wanasema subiri. Nasubiri mpaka kengele inalia."

"Pole, dada. Ukalia?"

"Kwani wateja wako huwa wanalia?"

"Wengi tu," mama akasema, na ilikuwa kweli. "Na hizi nywele, nasikia unazifumua mwenyewe. Au nasuka vibaya?"

Chiriku akainamisha shingo. "Nikifumua, unanisuka tena."

"Si unaumia lakini?"

"Naumia. Ila nakaa hapa."

Mikono ya mama ikasimama. Machozi yakamdondoka, yakamwangukia mtoto utosini, wala hakuweza kuyafuta kwa sababu vidole vilijaa mafuta.

"Mwanangu," akasema, na sauti ya kazini ilikuwa imemtoka, "si lazima kichwa kifumuke ndiyo ukae hapa. Ukitaka kukaa, njoo ukae."

"Hata kama kuna mteja?"

Hilo alilifikiria kweli, maana mteja ndiye chakula na ndiye kodi. "Hata kama kuna mteja."

Kesho yake alasiri alikuwapo mteja, tena kichwa nusu. Chiriku akafika na begi mgongoni, akasimama mlangoni. Hakuulizia simu. Alimtazama mama yake tu, na mama akajua anapimwa.

"Nisamehe kidogo, shoga," akamwambia mteja, akamsogezea kiti pembeni. Kisha akarudi kigodani, akafungua magoti.

Chiriku akaja mbio, akajipachika, akaegemea. Mama hakushika kitana. Alimzungushia mikono miwili.

"Leo wamenipa kushika kamba," Chiriku akasema.

"Na kuruka?" mteja akadakia.

"Kuruka bado. Kushika tu." Alilisema hilo kifua mbele. "Mama, nikueleze ilivyokuwa?"

"Nieleze," mama akasema. "Anzia asubuhi."