Gesi Isiyonuka Nyuma ya Ukuta wa Dampo

Saa moja asubuhi mvua imekatika. Mama Pua amechuchumaa kando ya ukuta wa dampo, anafungua kifuniko cha bomba lililozamishwa ardhini na kuchomeka mpira wa kipima gesi. Jina hilo alibandikwa na wafanyakazi wenzake, maana kutwa yuko anachunguza hewa.

"Wananicheka bure," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Hii ninayoiwinda hainuki hata kidogo. Ingenuka, nani angenilipa?"

Huu ni mwaka wake wa tisa katika kazi hii. Huchota maji ya visima vya uchunguzi, akimwaga kwanza yaliyolala ndani mpaka yaje mapya. Huchota na ya kijito, kisha hupima gesi inayotoka kwenye taka zinazooza. Maji hayamnyimi usingizi.

"Maji mabaya utayaacha. Gesi inakuingilia umelala."

Bomba la mwisho, lililo karibu na nyumba za watu, halijawahi kusoma chochote. Leo kipimo kinapiga kelele: asilimia saba. Uso unamshuka. Asilimia tano tu hewani, pakiwa na cheche, inatosha kulipuka.

"Ardhi ikilowa, gesi inakosa pa kupandia," anaeleza mbiombio. "Inapita pembeni, chini kwa chini, mpaka ipate ufa. Na mdogo wangu anakaa hapo ng'ambo. Ana kichanga. Mungu wangu!"

Anampigia simu msimamizi wake huku anakimbia. Mwandishi anamfuata, roho juu.

Mlango wa mdogo wake umefungwa, matambara yamesokomezwa chini yake na kwenye nyufa za dirisha. Mtaa mzima hujiziba hivyo kukwepa uvundo wa dampo. Hakuna aliyewaza kwamba wanaifungia ndani ile isiyonuka.

Anausukuma mlango kwa bega. Mdogo wake amesimama mbele ya jiko, kiberiti mkononi.

"Weka chini hicho!"

"Kuna nini, dada? Mbona unanitisha?"

"Mchukue mtoto utoke. Usiguse swichi. Utanitukana huko nje!"

Mdogo wake anatoka na mtoto. Kwenye ufa wa sakafu kipimo kinasoma asilimia moja na nusu: bado haijafika tano, ila imeshaingia ndani na inazidi kujaa. Mama Pua anatoka nje, anakaa kwenye matope na kuangua kilio.

"Nimeogopa, mwenzangu. Je, kama angewasha baadaye?"

Kufikia mchana nyumba sita zimehamwa. Msimamizi ameahidi kuwa utachimbwa mtaro wa kokoto kando ya ukuta ili gesi itokee huko, kazi ya wiki nzima. Mdogo mtu na mtoto watakaa kwa Mama Pua.

Jioni nyumba za mbele bado hazijapimwa, na giza linakaribia. Jirani mmoja anagoma kufungua madirisha. Anauliza, je, wezi?

"Mwizi atabeba redio, baba, atakuachia watoto," Mama Pua anamjibu, akichomoa matambara yeye mwenyewe. Kisha anamgeukia mwandishi. "Wewe shika ule mtaa wa kushoto. Piga kila mlango. Waambie wasiwashe moto mpaka nifike."