Mchumba Wangu Alisema Pangoni Hakuna Mtu

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Kamwene ndugu zangu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, fundi cherehani hapa Iringa, kwetu ni Kalenga. Nimechumbiwa na kijana wa Igawa tunayeimba naye kwaya. Mahari imeshapokelewa.

Kwaya yetu ilitembelea kisiwa ambacho ni hifadhi ya taifa. Sisi wa milimani bahari tunaiona kwenye kalenda tu. Maji yalikuwa yamekupwa, tukapita kwa miguu katikati ya mikoko mpaka kwenye mapango; ndala zangu zilinasa kwenye matope nikaziacha njiani. Mwongozaji wa hifadhi akatuonya turudi mapema kwa kuwa maji yatajaa. Wenzetu wakatoka. Mchumba wangu akataka tupige picha kule ndani kabisa. Nilimwambia naogopa, akanicheka.

"Maji yatoke wapi na mvua hamna? Angalia juu, hata wingu hamna."

Nikamwamini, maana hata mto wetu Ruaha haujai kama haijanyesha.

Tulipogeuka, mlango wa pango ulikuwa umejaa maji. Yeye amekulia kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, anaogelea. Mimi sijui. Akaniambia nimsubiri, anafuata msaada. Nikapanda juu ya jiwe, nikaita mpaka sauti ikakauka. Maji yalipofika kifuani nikaanza kuwaaga wazazi wangu kwa Kihehe, peke yangu gizani.

Mwongozaji ndiye aliyenitoa, kwa mtumbwi. Nikamwambia namshukuru Mungu mchumba wangu alimfikia. Yule kaka akaacha kupiga kasia.

"Dada, hakunituma. Nilimuuliza kama kuna aliyebaki, akasema hakuna mtu. Nimerudi kwa sababu niliona ndala zako zinaelea kwenye mikoko."

Nilipombana mchumba wangu, akasema aliogopa kugombezwa na mwalimu wa kwaya, akili ikamruka. Basi. Huku nyumbani anasimulia kuwa yeye ndiye aliyeniokoa. Baba amemchinjia mbuzi. Nikijaribu kusema, mama ananiambia hofu ilinivuruga, nisimwaibishe mkwe.

Jumapili tangazo la ndoa yetu lilisomwa kanisani. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi, na mchumba wangu akanishika mkono kwa nguvu. Nilitaka kusema, nikahisi maji yananipanda kifuani, tangazo likapita.

Tangazo la mwisho ni Jumapili hii. Nishaurini jamani, nifanye nini? Nisimame nimwaibishe baba yangu mbele ya kanisa, au ninyamaze niolewe na mtu aliyesema sipo?